Mzee Klorini na Mgeni Wake

Ukifika Izia, pale Sumbawanga mjini, ukaulizia nyumba ya mzee Teodori, watu watakuna vichwa kwanza. Ulizia nyumba ya Mzee Klorini, utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo halipendi, lakini alilivuna mwenyewe. Miaka thelathini aliyofanya kazi ya kutibu maji ya mji wa Sumbawanga haikumtosha. Alipostaafu aliendelea na kazi ile ile bila mshahara, kwenye ndoo za watu. Akialikwa harusini, kabla hajakaa atauliza maji ya kunywa yametoka wapi. Akienda msibani, mfuko wa koti lake una chupa ya dawa ya maji, na akina mama wanaopika wakimwona anakatiza kuelekea kwenye mapipa wanampisha wakicheka chini chini. Hakuna anayemkatalia. Ni rahisi kumwacha atie dawa yake kuliko kusikiliza hotuba yake.

Wangejua chupa ile ilianzia wapi wasingecheka. Alipokuwa kijana, Teodori alikuwa fundi wa visima huko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ambako joto linakuchoma na baridi ya huku juu Ufipa inabaki kuwa hadithi. Kisima kimoja alikichagulia mahali yeye mwenyewe, penye udongo laini, kwa sababu wachimbaji walikuwa wamechoka na yeye alitaka kumaliza kabla ya mvua. Vyoo vya kijiji vilikuwa juu kidogo ya hapo. Mvua iliponyesha, kipindupindu kikaingia, kikaondoka na watu saba. Wa sita kati yao alikuwa mwanawe wa kwanza, Christopha, mtoto wa miaka minne.

Hakuna aliyemnyooshea kidole. Wakubwa waliandika kwamba ni mafuriko. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe alikuwa mkewe, Valeria, ambaye alijua vizuri nani alisimama pale akasema chimbeni hapa. Valeria hakulitaja jambo hilo hata siku moja, na miaka sita iliyopita aliingia nalo kaburini. Binti yao Asnath, aliyezaliwa miaka miwili baada ya msiba ule, aliambiwa kwamba kaka yake alikufa kwa homa. Hakuuliza zaidi, na Teodori hakusema zaidi.

Sasa Asnath ni mwalimu wa baiolojia Dodoma, na ndiye aliyeleta kizaazaa ninachotaka kukisimulia. Mwezi wa tisa, shule zilipofunga kwa mapumziko mafupi, alipanda basi akiwa amepakata boksi la kutunzia ubaridi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Basi liliposimama Laela, mama mmoja muuza karanga aliangalia boksi lile, akidhani ni samaki, akamuuliza migebuka ya Dodoma inauzwaje. Asnath alicheka peke yake mpaka Sumbawanga. Alipofika nyumbani aliliweka boksi mezani, akafunua kifuniko, akamwambia baba yake aangalie.

Teodori alivaa miwani. Ndani ya maji alikuwa amelala mnyama mweupe mwenye wekundu kwa mbali, urefu wake kama kiganja na vidole vyake, mkia wa kambare, na miguu minne midogo. Miguu ya mbele ilikuwa na vidole vinne vinne, ya nyuma vitano vitano. Macho yalikuwa meusi, madogo, hayana kope, na mdomo umekaa kama wa mtu anayezuia kicheko kanisani. Lakini kilichomfanya avue miwani, aifute na kuivaa tena kilikuwa kichwani. Pale shingoni yalitokeza matamvua sita mekundu, matatu kila upande, yenye nyuzi nyingi kama majani ya karoti, yakipepea polepole ndani ya maji. Mapafu yake kwa nje, Asnath alimweleza. Anavutia hewa kwa hayo.

Jina lake aksolotli. Asili yake ni ziwa la milimani huko Meksiko, penye maji baridi, na Asnath alimnunua kwa mfugaji mmoja wa samaki wa mapambo jijini Dar es Salaam ili wanafunzi wake waone kwa macho kile walichokuwa wakikikariri. Dodoma ilikuwa inamuua. Kila mchana Asnath alikuwa anaweka chupa za barafu zielee kwenye tangi, na umeme ukikatika anakimbia mitaani kutafuta barafu kama mwenye mgonjwa. Ndipo akajiuliza ni wapi Tanzania hii baridi inapatikana bure. Akakumbuka alikozaliwa.

Tangi la kioo walilipanga sebuleni, mbali na dirisha la jua. Masharti yalikuwa machache. Atampa minyoo ya bustanini. Atambadilishia maji kidogo kidogo, na maji yenyewe yalale siku mbili kwenye ndoo iliyo wazi, ili dawa ya mjini iishe nguvu. Hapo Asnath alimshika baba yake mkono.

"Baba, mimi nakujua. Kwa huyu, hata tone moja usitie. Nitamfuata Desemba, nimkute hai."

Teodori aliapa. Na alipoapa alimaanisha, hilo mmwandikie.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu, japo ana vidole, jembe hakulitaka. Alikaa chini ya tangi akitazama. Wiki ya kwanza Teodori alimdharau. Wiki ya pili alijikuta anahamisha kiti chake kutoka mbele ya redio na kukiweka mbele ya kioo. Wiki ya tatu aligundua kwamba anamsalimia asubuhi. Alikuwa mnyama asiyefumba macho, asiye na sauti, asiyetoka majini wala kukua akawa mkubwa kamili, kwa maana Asnath alimwambia hawa hubaki watoto maisha yao yote, mpaka wanazaa na bado ni watoto. Teodori aliliwaza hilo la kubaki mtoto kuliko alivyotaka kuliwaza.

Na ninyi mnaosoma haya mkiwa mbali, najua mnachokifikiria mkisikia mnyama wa ajabu yuko Sumbawanga, mji uliosingiziwa uchawi. Endeleeni kukifikiria, ila majirani wa Izia walikuja, wakamtazama, wakauliza kama analiwa, wakaambiwa haliwi, wakaenda zao.

Katikati ya Oktoba gari la matangazo lilipita. Kipindupindu kimeonekana bondeni. Wananchi wachemshe maji, au watie dawa. Kwa wengine lilikuwa tangazo. Kwa Teodori ni kama mtu kamwita kwa jina. Alizunguka Izia siku nzima, akavuka mpaka Milanzi, akitia dawa kwenye kila pipa aliloliona, hata la fundi ujenzi aliyekuwa anachanganyia saruji. Nyumbani alitia dawa kwenye ndoo zote, zikiwemo zile zilizoachwa wazi maji yalale. Jioni alikaa kitini, amechoka, akatazama tangi.

Lita sitini za maji yasiyo na dawa, ndani ya nyumba yake.

Alijaribu kutazama pembeni. Alikumbuka kiapo. Lakini dhamiri yake ilikuwa imefundishwa upande mmoja tu kwa miaka mingi, na ilimwambia kitu kile kile ilichomwambia siku zote, kwamba aliyekabidhiwa kiumbe hawezi kukiacha kwenye maji ambayo hayajatibiwa. Asnath ni mwalimu, yeye ni mtu wa maji. Kipimo cha lita sitini ni vifuniko vitatu. Alitia kimoja na nusu, kwa upendo, akakoroga taratibu kwa mwiko safi, akaenda kulala na moyo mweupe. Ubaya mwingi wa dunia hii hutendwa na watu wanaolala usingizi mzuri namna hiyo.

Asubuhi alimkuta mgeni wake amejikunja kwenye kona, ncha ya mkia imepinda kama ndoano. Ngozi ilikuwa inatoa ute mweupe. Na yale matamvua, jamani. Yalikuwa yameungua. Nyuzi zilikuwa zimepukutika na kutua chini kama vumbi la kutu, vikabaki vijiti sita vifupi vyeupe, na kimoja upande wa kushoto kilikuwa kimekatika kabisa. Mnyama alipanda juu kwa shida, akagugumia hewa, akazama kama jiwe.

Teodori hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, kwamba amefanya tena. Kisha akashika meza.

Fundi wa maji alijua haraka kinachotakiwa: maji mengine, sasa hivi, yasiyo na dawa. Akatazama ndoo zake tano. Zote alikuwa amezitibu jana. Maji ya bomba yana dawa, aliitia yeye miaka thelathini na waliompokea wanaendelea kuitia. Mvua bado haijaanza. Katika nyumba nzima ya Mzee Klorini hapakuwa na kikombe kimoja cha maji ambayo kiumbe yule angeweza kuvutia hewa.

Ilibaki chemchemi ya pembeni mwa Izia, chini ya kilima, yenye kibao cha bati alichokipaka rangi mwenyewe: MAJI HAYA NI HATARI. Alichukua ndoo tupu akaisuuza, akatoka mbio, mzee wa miaka sitini na tano na sweta lake.

Alipofika hakuchota. Alisimama pale pale ndoo ikiwa mkononi, na kitu alichokifanya baadaye hakuwa amekifanya kwa chemchemi yoyote tangu aache kuchimba visima: alipanda juu. Alipanda akitazama kila hatua, kulia na kushoto, akitafuta choo, zizi, kaburi, nyumba. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyasi, mawe, vichaka, na juu zaidi msitu wa Mbizi na ukungu wake. Maji yale yalikuwa yanatoka chini ya mlima ambao hauna mtu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amekataza chemchemi zote kwa mkupuo, bila kupanda hata moja kuangalia. Aliposhuka, alichota.

Njiani alikutana na Kristiana, jirani yake, mama anayelima mboga na ambaye Teodori alikuwa amemwaga ndoo yake hadharani kwa kosa la kuchota pale pale. Kristiana alimwamkia shikamoo, akaitazama ndoo, akamtazama mzee.

"Baba Asnath, hayo si ndiyo yale yanayoua?"

"Ndiyo hayo," Teodori alisema. "Nisaidie kubeba, mama."

Kristiana angeweza kuisimulia siku ile kwa mwaka mzima, na mdomo anao. Lakini alimwona uso. Alishika upande wa mpini, wakaenda wote, na ndoo ya pili akaifuata peke yake bila kuombwa.

Walimhamishia mgeni kwenye beseni, wakaliweka sakafuni penye saruji baridi, wakalifunika kitambaa. Teodori hakuwa na la kufanya tena, na hilo ndilo lilikuwa gumu kwake. Mkono wake ulienda mfukoni kutafuta chupa mara kadhaa kabla hajaitoa na kuipeleka jikoni. Siku tatu mgeni hakula. Siku tatu Teodori alimbadilishia maji ya chemchemi asubuhi na jioni, na kila alipofunua kitambaa alifunua kwa woga wa mtu anayefunua maiti.

Siku ya nne Asnath alipiga simu. Alimwuliza mgeni anaendeleaje. Teodori akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwamba yuko salama. Halafu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua, aliuliza hivi, wanyama hawa wakikatika kitu, inakuwaje. Asnath akachangamka kama alivyo mwalimu. Huota tena, alisema. Mguu huota, mkia huota, hata kipande cha moyo, na huoni kovu. Akauliza kwani kuna kilichokatika. Teodori akasema hapana, anauliza tu.

Alipokata simu alirudi kwenye beseni. Hata lile la kuota hakuliamini. Maji yakimwagika hayazoleki. Huo ndio msemo aliouishi. Kilichokatika kimekatika. Vitabu vya shule vina maneno mengi.

Siku ya tano mgeni alikula mnyoo mmoja.

Siku ya tisa, asubuhi, Teodori alifunua kitambaa akaona kitu kwenye ncha ya kijiti kimoja. Nukta nyekundu, ndogo kama tundu la sindano. Alidhani ni kidonda. Alileta tochi, akalala kifudifudi kwenye saruji pua ikikaribia kugusa maji. Nukta ilikuwa inapiga. Ndani yake damu ilikuwa inaingia na kutoka. Kesho yake zilikuwa nukta nne. Keshokutwa nukta ya kwanza ilikuwa imerefuka ikawa uzi, na uzi ukawa na chipukizi ubavuni.

Tangu hapo hakuzunguka tena mitaani. Watu wa Izia walikunywa maji yao kwa wiki tano bila kukaguliwa, na kwa rehema za Mungu hawakudhurika. Yeye alikuwa sakafuni na tochi yake. Alikuwa amelaza mabomba maisha yake yote, na alijua kazi ile ilivyo: bomba kuu kwanza, halafu matawi, halafu laini ndogo za kuingia majumbani, kila mahali panavuja, kila mahali pana mtu wa kulaumiwa. Sasa alikuwa anatazama mabomba yakijilaza yenyewe, bila fundi, bila ramani, ndani ya maji baridi ya mlimani. Laini moja inagawanyika mbili, mbili zinakuwa sita, na damu inafika mpaka mwisho wa laini nyembamba kuliko unywele, inageuka, inarudi. Haikuvuja hata mahali pamoja. Pale upande wa kushoto ambapo palikuwa hapana kitu kabisa, pameota kijiti kipya, na kijiti kikavaa nyuzi kama wenzake.

Asubuhi moja Kristiana alileta maji akamkuta amekaa mbele ya beseni, kofia yake ya sufu ipo mapajani. Akamuuliza mbona amevua kofia na baridi yote hii. Teodori alishika kichwa chake, akashangaa. Hakujua ameivua saa ngapi.

Kristiana naye akachuchumaa akatazama. Kisha akauliza nani anamfanyia hivi.

"Si mimi," Teodori alisema. "Mimi ndiye niliyemuunguza."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu.

Asnath alifika wiki ya pili ya Desemba, mvua ikiwa imeshika. Mgeni alikuwa amerudi kwenye tangi lake la kioo. Asnath hakuvua hata koti; alienda moja kwa moja, akapiga magoti, akatazama, akageuka na uso umejaa furaha. Alimwambia baba yake amemtunza kuliko yeye mwenyewe anavyomtunza, hata matamvua yamejaa kuliko yalivyokuwa Dodoma, angempeleka Dodoma akawe mwalimu wa wanafunzi wake. Teodori akasema asante. Na ni kweli, ungeleta wataalamu wa dunia nzima wakamkagua mnyama yule, wasingepata alama. Hapakuwa na kovu wala shahidi, maana Kristiana alikwishamwambia kwamba yeye hakuona kitu. Kosa lilikuwa limefutika kabisa. Ilikuwa ni yeye tu kunyamaza, na kunyamaza alikujua.

Alinyamaza siku ile. Alinyamaza siku ya pili. Siku ya tatu walikuwa wamekaa wote wawili mbele ya tangi wakinywa chai, mvua inapiga bati, na mgeni akapanda juu, akachukua hewa, akashuka huku matamvua yake yote sita yamefunguka. Teodori aliyatazama yanavyofunguka, mekundu, mazima. Akaweka kikombe chini.

Alimwambia yote. Kifuniko kimoja na nusu, vijiti vyeupe, simu aliyomdanganya. Asnath alisikiliza bila kumkatiza, akafumba macho kidogo palipouma, halafu akamshika goti, akamwambia basi, baba, si ameshapona.

"Huyu amepona," Teodori alisema. "Christopha hakupona. Haikuwa homa, Asnath. Kilikuwa kisima. Nilikichimba mimi, mahali nilipopachagua mimi, chini ya vyoo. Mama yako alijua. Wewe tulikuficha."

Mvua iliendelea. Asnath hakuondoa mkono kwenye goti la baba yake, na Teodori alingoja akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, au kwa swali la kwa nini, au kwa mlango kufungwa. Alijua majibu ya hayo yote. Alikuwa ameyaandaa kwa miaka thelathini na mitatu.

"Alikuwaje?" Asnath akauliza.

Teodori akainua kichwa. Hakuelewa.

"Kaka yangu. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Swali hilo hakuwa ameliandalia jibu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Alifungua mdomo akiwa na hakika kwamba pale ndani hamna kitu, kwamba pameungua zamani, pamebaki peupe.

"Alikuwa anaogopa jogoo," Teodori alisema, na akashtuka kusikia anacheka, machozi yakimshuka ndevuni.

"Jogoo yupi?" Asnath akauliza, akasogeza kiti chake.

Teodori akaanza kumweleza.